Macho ya Doli

Jumamosi, Mukuyuni

Bado maneno ya Mama Mwikali yananiuma kidogo. Tulikuwa wanawake tisa kwa ukumbi wa kanisa, nikiwafundisha kujaza pamba ndani ya mikono ya doli, wakati yeye, mke wa mzee wa kanisa, alisimama mlangoni.

"Mwalimu, hivi vitu vina macho. Watu watasema ni vya uganga."

Sindano zote zilisimama. Niliogopa sana, maana wakitufungia ukumbi hatuna pengine pa kukutania.

Sikubishana naye. Nilimpa doli ambaye hakuwa na uso bado. "Mama, mshonee wewe macho unayoona yanafaa."

Akakaa. Alishona polepole, akafumua mara mbili. Kisha akamwekea nywele za uzi mweusi na kuzisuka. Nikamuuliza huyo ni nani.

"Ni Mwikali wangu, vile alikuwa darasa la kwanza."

Mwikali yuko Saudia mwaka wa nne sasa, na siku hizi hapigi simu.

Huenda watu bado wataongea. Lakini Mama Mwikali, akitoka, aliniuliza kama kuna kitambaa cha bluu cha sare ya shule. Nimemwekea kipande.