Ulihesabu Hadi Tatu

Papa wangu mpendwa,

Leo nimefungua kibanda chako cha ufundi hapa mtaani Makiso. Redio tatu za watu bado ziko mezani. Nimeshindwa kugusa chochote, basi nakuandikia.

Unakumbuka ulivyokuwa hujui kabisa kusema uongo? Nikiwa mdogo nilikuuliza kama ni wewe uliyekula chikwange yangu, mkate wangu wa muhogo. Ukasitasita, ndipo ukasema hapana. Jibu la kweli lilikutoka papo hapo, la uongo lilikawia kidogo. Mimi na Ma tante Zaina, dada yako, tulikucheka miaka yote. Fundi hodari wa redio, fundi mbovu wa uongo. Nilikupenda kwa hilo.

Kisha nikaenda kusoma Kinshasa, ukataka kujua hiyo kazi yangu ya kumalizia masomo ni kitu gani. Nikakueleza kwenye simu: ni programu inayokaa ndani ya chipu. Chipu inakagua nenosiri herufi moja moja, ikikuta kosa inaacha palepale. Kwa hiyo mwizi havunji kitu, anapima tu muda wa jibu. Likikawia, anajua herufi za mwanzo zimekubali. Ulicheka sana, ukasema hiyo chipu ni ndugu yako. Halafu ukauliza dawa yake. Nikakujibu kwa maringo ya mwanafunzi kwamba ikague zote hadi mwisho, ili kila jibu, zuri au baya, litumie muda uleule.

"Bon," ukasema. "Nimesikia."

Tangu hapo, kila nilipokupigia, ulichelewa kujibu. Nililaumu mtandao. Nikiuliza kama mvua imenyesha, unachelewa. Nikiuliza afya yako, unachelewa vilevile. "Niko bien, mama. Soma tu." Uliniita mama kwa sababu nina jina la mama yako. Na mimi, ninayepima vipande vya sekunde ambavyo sikio haliwezi kuvisikia, sikusikia kitu.

Sisi Waislamu hatuchelewi kuzika. Ndege iliponifikisha Kisangani nilikuta udongo wa kaburi lako tu. Ma tante ndiye aliyenieleza habari za figo, na kwamba miguu ilivimba hata ukawa unapelekwa hospitali kwa baiskeli ya toleka, ile ya kubeba abiria. "Simu yako ikilia," akasema, "alikuwa anahesabu na vidole mpaka tatu, njo anajibu. Kila swali. Mimi nilifikiri iko dawa ya munganga."

Sikuweza kumwambia kwamba dawa hiyo ulipewa na mimi.

Nimekukasirikia, Papa. Nasali nakuombea, nikimaliza nakukasirikia tena, kisha najikasirikia mwenyewe. Najua ulitaka nimalize masomo. Nimemaliza. Nilisimama mbele ya walimu, na nilipofika kwenye sehemu ya muda uleule sauti ikanikatika. Walidhani ni woga. Mmoja akaniletea maji, wakanipa alama nzuri.

Ulijua ungeniambia ningeacha kila kitu. Ulinijua vizuri, na ndiyo maana ulinyamaza. Lakini ningekuja, Papa. Ningekukanda hiyo miguu, tungegombana juu ya masomo yangu, ningekuwepo.

Mungu akulaze pema. Nimekukosa sana.

Binti yako