Faili Lako Halikupita kwa Nesi

Mama yangu,

Kamwene, kama tunavyosalimiana kwetu. Najua ungeanza kwa kunigombeza, kwamba marehemu haandikiwi barua, anawashiwa mshumaa na kusaliwa rozari. Mishumaa nimewasha, mama, haijanisaidia. Sasa naandika, tena barua ya wazi ili dada Flora naye aisome, kwa sababu kuna jambo sijamwambia mtu yeyote tangu tulipokuzika.

Unakumbuka siku uliyokuja Mbeya? Ulishuka stendi na salfeti limejaa mahindi mabichi, utadhani Mbeya hatulimi mahindi. Ulikuja kwa ajili ya macho. Ulikuwa unamfumia sweta mtoto wa Flora, ukawa unaruka vitanzi bila kujua, ukasema kuna moshi mbele ya jicho la kushoto. "Uzee huo," ulisema. Nikakwambia, wewe njoo, mimi si nipo? Kuna faida gani kuwa na mtoto anayefanya kazi hospitali?

Kijijini ulikuwa unawatangazia kwamba mwanao ni daktari wa kompyuta. Nilikueleza mara ngapi! Daktari anaandika ugonjwa kwa maneno, mimi naugeuza kuwa namba, maana kila ugonjwa una namba yake. Nikishaingiza namba, faili linakwenda kwenye trei ya nesi. Nesi anamwita mgonjwa, anamweleza alichonacho, anampima kinachotakiwa kupimwa, anampa tarehe ya kurudi. Wagonjwa wote wanapita pale.

Wewe hukupita.

Daktari alikupiga picha ya ndani ya macho, akaandika kwenye faili: mabadiliko ya mishipa ya damu ya retina, huenda ni presha, apimwe leo. Retina ni ule utando wa nyuma ya jicho, na mishipa yake ikiharibika mara nyingi inakuwa inasema habari za mwili mzima. Hayo nayajua, ndiyo kazi yangu. Lakini faili lako lilikuwa chini ya mafaili mengi, basi la Iringa lilikuwa linaondoka saa sita mchana, na wewe ulikaa kwenye benchi unanitazama kupitia kidirisha. Nikalichomoa. Nikaingiza H35.0, halafu nikalipeleka kabatini kwa mkono wangu mwenyewe, usije ukakaa foleni nyingine kwa nesi. Nilijiambia presha utapima huko huko nyumbani, nitakupigia simu kukukumbusha.

"Bado kuna pengine?" uliniuliza.

"Tumemaliza, mama."

Ukacheka, ukamgeukia mama mmoja aliyekaa pembeni yako, ukamwambia kwa sauti ili wote wasikie, "Kuwa na mtu ndani ni neema." Nilivimba kichwa, mama. Siku ile nilijiona mtu kweli kweli. Tukapita sokoni Mwanjelwa kununua mchele wa Kyela, ukautafuna mbichi kwanza, kuhakikisha hawajauchanganya.

Simu nilikupigia, ndiyo. Nilikuuliza kama umefika salama, kama mchele haukumwagika, kama mvua imeanza. Habari ya presha sikuitaja hata siku moja. Nilisahau, au niliogopa kukutia hofu; siku hizi hata mimi sijui lipi ni kweli.

Mvua za kwanza ziliponyesha ukaanguka shambani, jembe mkononi. Kiharusi, Flora aliniambia kwenye simu. Siku tatu tu, ukaondoka. Msibani walikuja watu mpaka kutoka Tosamaganga, na kila aliyenishika mkono alisema, "Kazi ya Mungu haina makosa." Jamani! Nilitamani kupiga kelele. Mungu hakuchomoa faili la mtu. Na dada Flora akasimama mbele ya waombolezaji, akanishukuru kwamba angalau mimi nilikupeleka hospitali. Nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Flora, dada yangu, nisamehe.

Tangu hapo ile namba hainiachi. Haipiti wiki bila kuletwa faili linaloitaka. Picha ya jicho lako bado imo kwenye kompyuta. Wenzangu wana picha za mama zao ukutani, mimi naifungua hiyo: nyekundu, mishipa imejikunja kama uzi wa sweta lililofumuliwa. Unanitazama. Nikiifunga, bado unanitazama.

Siku hizi sichomoi faili la mtu. Wanasema nina roho mbaya, eti cheo kimenipanda kichwani, wakati cheo chenyewe sina. Juzi jirani yangu aliniletea mama yake kutoka Mbalizi, naye anaumwa macho. "Dada, tufanyie mpango," akaninong'oneza. Nikamkatalia. Alinuna, akaenda zake kazini. Ulipofika muda wangu wa chakula, nikaenda kukaa na bibi yule kwenye benchi, lile lile lako. Tukasubiri wee. Bibi akanitazama kwa huruma, akanipapasa goti.

"Pole, mwanangu," akasema. "Kumbe na wewe huna mtu humu ndani."

Nililia pale pale, mbele za watu. Kisha nesi akaita jina lake, nikamshika mkono, tukaingia.

Pumzika, mama. Jana nimelitoa faili lako kabatini nikaliweka kwenye trei ya nesi, chini kabisa, lisubiri zamu yake kama ya wengine. Kesho nesi atalifikia. Atasoma maneno ya daktari, ataangalia tarehe, atatoka mlangoni na kuita jina lako.

Nitainuka mimi.

Mtu wako wa ndani,
mwanao