Wakhisi na Damu ya Sokwe

S.L.P. 1147,
Kisumu.
26 Agosti 1976

Mpendwa ndugu yangu Waliaula,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mwanza, na kwamba kifua cha mkeo Nasipwondi kimetulia. Mimi ni mzima, ila magoti yananisumbua, na omena, hao dagaa wetu, wamekuwa haba hapa Dunga tangu mwezi uliopita.

Habari niliyo nayo inanitia kinyaa. Mwanangu Wakhisi, huyo mpwa wako uliyemnunulia viatu vya kwanza vya shule, amemvunja mkewe Perez mkono. Aliwaambia wageni kwamba ameshafanywa naibu wa mkuu wa shule. Perez akasema barua bado haijafika. Kosa lake ni hilo tu.

Jumapili tulikaa kikao kwangu. Baba yake Perez, Mzee Ogola, alitoka Katito, na pasta akaja. Wakhisi, mwalimu wetu, akaingia na gazeti la Kizungu kwapani, akasimama kama yuko darasani. Akatueleza eti wataalamu wamewachunguza sokwe: dume hupiga jike, madume huuana, na sisi tumetoka huko.

"Si mimi, wazee," akasema. "Hasira hii iko katika damu ya mwanamume tangu zamani."

Pasta akatazama kofia yake. Waliaula, nilifua nguo za watu miaka minane ili mtu huyu asome, na alichosoma ndicho hicho!

Nikamuuliza, "Juzi mkuu wa shule alipokuita mjinga mbele ya wanafunzi, hiyo damu ilikuwa imelala?"

"Mama, hayo ni mambo ya kazini."

"Ulimjibu nini?"

Perez ndiye aliyejibu: "Alisema, 'Asante, bwana.' Alinisimulia mwenyewe, akilia."

Mzee Ogola akasimama, akasema binti yake anarudi nyumbani. Nilimbebea mzigo mwenyewe hadi stendi. Njiani, watu wa mtaa wa Nyalenda walitoka milangoni kumtazama mama mkwe akimsindikiza mkwewe, nami sikujali.

Sasa huyo dume anakula hotelini, shati halina pasi, na kila jioni yuko mlangoni kwangu akinusa sufuria. Simfungulii.

Lakini wewe nitakuambia, kwa sababu ulikuwepo. Marehemu shemeji yako aliponipiga, mtoto aliniuliza kwa nini. Nikamwambia baba amechoka na kazi. Kila mara nilimwambia hivyo, mpaka akaacha kuuliza. Hakuna sokwe aliyekuwa ndani ya nyumba ile.

Atakuandikia uende Katito umwombee msamaha, kwa kuwa wewe ni mjomba. Usiende. Perez anasema mkono ukipona atashona nguo sokoni. Jana nilimpelekea cherehani yangu.

Nisalimie Nasipwondi, Enos na Nakhungu mdogo. Mungu awatunze nyote, awape usingizi wa amani.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Nekoye