Nyekundu Kama Pua ya Gagnon

Corbin Mills, Vermont
Jumanne, 10 Machi 1885

Kaka Orrin mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na wifi Adeline, na huyo mtoto ambaye bado sijambeba. Natumaini kikohozi chake kimepungua. Sisi huku tu wazima. Baba anakula vizuri, theluji imeanza kulainika, na majirani wameshatoboa miti yao kukinga utomvu wa sukari. Naendelea na Kilatini, ingawa mwalimu akiniuliza mbele ya darasa sauti hunipotea, hata kama jibu ninalo.

Barua yako imefika. Unasema mnakuja Jumamosi kwa treni ya baba, ili safari ya kwanza ya mtoto iwe nyuma ya injini ya babu yake. Baba aliisoma tena na tena, kisha akaenda kuisugua kengele ya injini mpaka ikang'aa. Mimi tangu siku hiyo silali vizuri. Nakueleza sababu, na nakuomba usimsomee mtu.

Unamkumbuka Gagnon, mtia kuni kwenye injini ya baba, na mizaha yake. Kila walipokaribia taa au bendera ya ishara alipaza sauti: nyekundu kama pua yangu, mzee, au, kijani kama kabichi za mama mkwe, twende zetu. Baba naye alimjibu kwamba pua ile ingetundikwa stesheni ingeokoa mafuta ya taa. Tulicheka sana utotoni. Mwezi uliopita Gagnon alivunjika mguu, akarudi kwa watu wake Kebeki. Sasa yupo Ezra Tuttle, kijana mkimya kuliko hata mimi.

Wiki iliyopita nikirudi kutoka shule kwa treni ya baba, jiko la kupasha joto behewa lilikuwa limezimika, basi baba akanipandisha kwenye injini. Tulipokaribia daraja nikamwona fundi wa reli amesimama katikati ya njia, anapunga bendera nyekundu. Nikangoja baba apunguze mwendo. Hakupunguza. Nikadhani ana hesabu zake, nikanyamaza. Ezra alikuwa ameinama kwenye kuni. Fundi alipotupa bendera na kuruka pembeni ndipo baba alipofunga mvuke na kupiga filimbi watu wa breki wakaze. Tulisimama magurudumu ya mbele yakiwa juu ya daraja, na mbele kidogo reli zilikuwa zimeng'olewa. Niliyaona maji chini.

Fundi alimjia juu, akamwuliza, Thayer, hayo ni macho au vifungo vya koti? Baba akacheka, akasema jua lilimpiga usoni. Kaka, siku hiyo hapakuwa na jua.

Nyumbani nilimwomba aniletee skafu yangu nyekundu. Akaniletea ya kijani, ya marehemu mama. Ndipo nikakumbuka jinsi mama alivyokuwa akimchagulia tai kila Jumapili, nami nikidhani ni mapenzi tu. Mizaha ya Gagnon ilikuwa macho ya baba.

Nilipomwuliza hakukana. Aliniambia kwamba Alhamisi daktari anakuja kuwapima madereva wote. Kila mmoja atawekewa rundo la nyuzi za sufu, achambue nyekundu na kijani. Atakayeshindwa hataendesha tena. Atapewa ufagio wa karakana. Akasema, wewe ndiye msomi wa nyumba hii, nifundishe. Nikamwuliza, na abiria je? Akanishika bega, akasema, binti yangu, njia hii naijua kama ngazi za nyumba yangu, bendera ni za wageni.

Basi amenunua nyuzi, na kila tukimaliza kula tunafanya mazoezi. Rangi hazioni, lakini anaona ipi imekoza na ipi imefifia, na kwa hilo anashika upesi. Amemwambia Ezra kwamba nitakuwa mwalimu hodari.

Sasa nakwambia nisichoweza kumwambia yeye. Nimemfundisha kinyume. Zilizokoza, ambazo ni nyekundu, nimemwambia ni za kijani, na za kijani nimemwambia ni nyekundu. Hata ninapoandika haya yuko ng'ambo ya meza, anatenga nyuzi kwa vidole vyenye masizi. Kila akiweka nyekundu upande wa kijani ananitazama, nami namwambia amepatia.

Naiogopa Alhamisi kuliko nilivyoliogopa lile daraja. Lakini nikifumba macho namwona mtoto wenu kwenye behewa la kwanza.

Njooni Jumamosi kama mlivyopanga. Dereva atakuwa mwingine, na baba atakuwa amesimama stesheni. Mkishuka tu, mpeni mtoto ambebe kabla hajasema neno.

Msalimie wifi, umwambie nimemfumia mtoto kofia nyekundu. Baba ameisifu sana, anasema kijani kitampendeza.

Dada yako akupendaye,
Lovina Thayer