Mlingoti wa Kaka Yako

Kwako wifi yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba lile goti lako halikusumbui tena unapopanda ngazi za shuleni kwako. Mimi mwili haujambo. Presha imetulia, ila macho ndiyo yameanza kunigomea. Kutunga uzi kwenye sindano siku hizi ni kazi ya kujipanga.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Simu nimeishika mara nyingi, wifi. Nimeogopa kwamba ukipokea nitakuuliza habari za watoto, utaniambia nzuri, nitasema haya basi, na tutakata. Mwaka mmoja na miezi miwili hatujasemezana. Afadhali karatasi, haina pa kunikatizia.

Huku nyumbani mambo ni yale yale. Chumba cha mbele bado ni cha cherehani, nashona sare za shule na mapazia. Karakana ya kaka yako nimeifunga, na zile friji mbili ambazo wenyewe hawakuzifuata bado zimo, milango wazi zisinuke. Wateja hawajaacha kugonga wakimwulizia Fundi Baridi. Nawajibu kwamba hayupo. Wengine huniuliza atarudi saa ngapi.

Na ule mtambo wa upepo bado unazunguka. Unakumbuka siku alipousimamisha uani, majirani walivyotoka kutazama, wakasema Fundi Baridi amechoka na friji sasa ameweka pangaboi la kumpepea Mungu? Alicheka mpaka akashikwa na kwikwi. Tangu siku hiyo nyumba hii inaishi kwa ratiba ya upepo. Ukivuma, nakimbilia pasi na cherehani ya umeme. Ukilala, narudi kwenye ile ya kukanyaga. Kabatini, chini ya ngazi, kuna betri zake na kijitaa cha kuonyesha chaji. Kikiwa kijani najiona tajiri, kikiwa chekundu nazima hata redio.

Siku za upepo mlingoti hutetemeka kidogo, na ukuta wa chumba cha kulala hunguruma kama mtu anayezungumza chumba cha pili bila wewe kuyashika maneno. Nimeuzoea mngurumo huo kupita kiasi. Upepo ukikata, nyumba inakuwa kimya hadi nasikia mkasi ukigusa meza. Siku kama hizo nakula nimesimama jikoni. Kuandaa meza kwa sahani moja sijakuweza.

Baada ya mazishi ulisema hutaki kuliona tena lile dude lililomuua kaka yako, na kwamba utamtuma mchomeleaji alikate vipandevipande. Nilikujibu kwa ukali kwamba huo ni umeme wangu na nisiingiliwe. Ukachukua begi lako ukaondoka bila kuaga. Sikukulaumu wakati ule, na leo ndiyo sikulaumu kabisa. Yeye ndiye aliyekulea tangu mama yenu alipofariki, akakusuka nywele kwa vidole vilevile vya kushikia spana. Nilistahili kukujibu vizuri.

Sasa nikueleze kilichonifanya niandike. Wiki iliyopita mtambo ulianza kulia. Si mvumo wake wa kawaida, ni mlio wa chuma kikavu, kila mzunguko. Nyumba ya nyuma amehamia muuguzi anayefanya zamu za usiku na kulala mchana. Siku ya tatu alikuja mlangoni, khanga kichwani, macho mekundu. Akaniamkia kwanza, kisha akasema, “Mama, mimi nakuheshimu sana, lakini hicho kitu chako kinalia kama mbuzi aliyesahauliwa juani.”

Nikamwomba radhi. Nikamweleza kwamba gololi zimekauka grisi, na kuzifikia kwa usalama ni lazima mlingoti ulazwe chini, na kuulaza ni kazi ya watu wawili. Nilisema hivyo kama mtu anayeeleza kwamba jambo haliwezekani. Akanitazama akasema, “Sasa si tuko wawili? Nishike wapi?”

Nikafunga breki, mapanga yakasimama. Chini ya mlingoti kuna bawaba kubwa. Mmoja anazungusha winchi kuachia waya polepole, mwingine anashika kamba ya ubavuni usiyumbe. Muuguzi alishika kamba, miguu ameitanua, analalamikia kucha zake. Mlingoti ukashuka taratibu mpaka ukalala juu ya magogo, mapanga usawa wa kiuno changu. Niliingia ndani kutafuta kopo la grisi, nikaiona saa ya ukutani. Ilikuwa imetuchukua robo saa.

Tulipaka grisi, tukausimamisha tena, akaenda kulala. Mimi nikaketi kwenye ndoo pale uani, nikalia hadi jua likanihama.

Wifi, siku ile sikuwa dukani.

Niliwaambia nyote, na polisi pia, kwamba nilikwenda kununua nyuzi na kurudi nikamkuta chini. Nilikuwa ndani. Tulikuwa na siku tatu za kununiana, kwa sababu mtambo ulikuwa unagonga na mimi nilikuwa nimemwambia ama hilo dude linyamaze ama mimi nihame. Asubuhi hiyo alikuja mlangoni pa chumba cha cherehani, mikono imejaa grisi. Akaniomba nikamshikie kamba, akasema ni robo saa tu. Nilikuwa kwenye pindo la gauni la harusi, bibi harusi anakuja kulijaribu mchana. Sikuinua hata kichwa. Nikamwambia, “Si umelileta mwenyewe? Basi lishughulikie mwenyewe.”

Unamjua alivyo. Akaurudisha mlango polepole, vumbi lisiingie kwenye gauni.

Kisha nikasikia ngazi ikiegemezwa kwenye mlingoti. Nilijua ule ni mlio wa nini, wifi. Nilijua kwamba anapanda peke yake, na nikaendelea kukanyaga cherehani. Baadaye kikasikika kishindo. Nikadhani ameitupa ngazi kwa hasira, nami nikakasirika zaidi. Nikamalizia pindo lote, nikakata uzi, nikakunja gauni. Labda dakika tano, labda kumi. Nilipokwenda jikoni kunywa maji ndipo nikamwona kupitia dirishani.

Daktari aliniambia ilikuwa shingo, na kwamba hata ningekuwa nimesimama pembeni yake pale chini nisingeweza kufanya kitu. Nimejitahidi kumwamini. Lakini alikuwa akisema na mwanamke anayelia, na watu huwaambia wanaolia mambo mengi.

Ndiyo maana nilikukatalia mchomeleaji. Haikuwa habari ya umeme. Ulipolilaani lile dude mbele ya watu, nilinyamaza nikaliacha libebe mzigo wangu, na kulikata vipandevipande niliona ningekuwa nimevuka mpaka. Nikabaki nalo. Kila likizunguka nalisikia, na sijui kama ni faraja au adhabu. Nadhani vyote viwili.

Sikuombi uniandikie upesi kwamba umenisamehe. Ukitaka mlingoti ukatwe, mtume huyo mchomeleaji, safari hii nitamfungulia geti mwenyewe. Ukitaka kuja kunisema, njoo, nitatandika kitanda cha wageni na nitakusikiliza mpaka umalize. Na ukiamua kuendelea kukaa kimya nitaelewa, ila kimya hicho sasa kiwe ni kwa nililofanya hasa.

Nisalimie sana shemeji, mwambie dawa ya kikohozi asiiache katikati kama kawaida yake. Wabusu watoto. Barua hii usiwasomee kwanza. Mjomba wao wamwache vile wanavyomkumbuka. Muuguzi naye anakusalimu, ingawa hakujui. Nilimwambia nina wifi mwalimu, akaniuliza mbona hajawahi kukuona hapa.



Ni mimi,
mke wa kaka yako.