Doa Moja Dirishani

Jumatatu, 4 Machi 1957

...na jingine ambalo jana sikuliandika: mume wangu akipitiwa na usingizi hufumba macho polepole, kama mtu anayefunga kitabu kitamu. Tuna mwezi wa pili tu kwenye nyumba hii ya watumishi, chini ya kilima chenye darubini, na bado nikisikia ufunguo wake mlangoni moyo unanidunda. Majirani wanamwita Popo — kutwa kalala, usiku kucha yuko na nyota zake. Waseme. Popo wangu.

Leo wifi alikuja kututembelea. Akapitisha kidole juu ya meza ya kaka yake, akanionyesha vumbi. "Bibi harusi, kaka yangu umemweka stoo?" Aibu! Alipotoka tu, nikashika kitambaa. Nikafuta meza, vitabu, hata vile vioo vya kazi yake mume wangu alivyoviegemeza dirishani. Kimoja, chenye ufa kwenye kona, kilijaa madoa meusi kama vinyesi vya inzi. Nikakipulizia pumzi, nikakwangua doa moja kwa ukucha. Likatoka. Mengine yalikuwa mengi mno, nikachoka.

Jumatano, 6 Machi

Mume wangu amepata nyota!

Alinibeba akanizungusha jikoni na aproni yangu. Alikuwa analinganisha picha mbili za sehemu moja ya mbingu, zilizopigwa kwenye vioo kwa darubini, ya mwaka jana na ya juzi. Ya juzi ina nyota ambayo mwaka jana haikuwepo. Nyota mpya, anasema, mpenzi, imewaka sisi tukiwa hai.

Nikataka kuiona. Akaniwekea vioo viwili kwenye mwanga. Nikamwambia sioni nyota, naona uchafu tu. Akacheka mpaka machozi. "Picha hizi ziko kinyume, mke wangu. Mbingu hutoka nyeupe, nyota hutoka nyeusi. Kila doa hapo ni nyota."

Kioo cha mwaka jana kilikuwa na ufa kwenye kona.

Nikasema hongera.

Ijumaa, 8 Machi

Habari ameshazipeleka. Kwa wakubwa wa darubini, kwa jarida, kwa Profesa mzee aliyemfundisha fizikia. Ningesema jana ingekuwa jambo la nyumbani, la kuchekana tu. Leo si la nyumbani tena.

Wifi amekuja na keki. Ananiita mke wa mkubwa. Eti alijua tangu zamani kaka yake atafika mbali — yeye huyu aliyekuwa akimwambia aache kuhesabu giza atafute kazi! Nikamkatia kipande kikubwa.

Jumapili, 10 Machi

Nilijaribu. Nilimpelekea chai, nikakaa ukingoni mwa kitanda. Kabla sijafungua mdomo akaanza yeye. Miaka yote ile amefundisha fizikia watoto wasiomsikiliza, kisha hapa akawa wa kupiga hesabu za watu wengine, jina lake halitajwi popote. Sasa watampa darubini kubwa, usiku wake mwenyewe kila wiki. "Na wewe ndiye bahati yangu," akasema. "Umeingia tu nyumbani, nyota ikaonekana."

Nikambusu ili asinione uso. Mke gani mimi? Nampenda mno, na kila nikimpenda nazidi kunyamaza.

Jumanne, 12 Machi

Simu ililia mchana, yeye amelala. Profesa. Sauti ya upole sana. Akauliza anaongea na nani, nikasema mke wake. "Ah, binti yangu, hongereni." Atakuja na hadubini yake kabla mwezi haujaisha, akione kwa macho yake kile kioo cha mwaka jana. Si kwamba ana shaka, ila nyota kama hiyo, mwaka mmoja haipo kabisa, mwaka wa pili ipo na mwanga wake haupungui, hajawahi kuiona. "Mwambie asikiguse. Mtu asikifute."

Nikaitikia ndiyo, baba.

Nikaenda chumbani. Alikuwa ameamka, nywele zimemsimama, anauliza nani huyo. Nikamwambia nina jambo. Akaketi, akanivuta mkono nikae naye, akawa ananisubiri na tabasamu lake lile. Nilikuwa na maneno yote. Nimeyapanga tangu juzi, nikiosha vyombo, nikitandika. Nikafungua mdomo.

"Profesa anakusalimu," nikasema. "Atakuja kututembelea kabla mwezi haujaisha."