Pweza Aliyelalia Mayai

Rukia, mjukuu wangu,

Marahaba. Huku Kilwa Masoko sote wazima, na shangazi yako Siti ndiye mvuvi wetu wa pweza siku hizi.

Umeniuliza uwajibu nini wateja wako wa mtandaoni wanaodai pweza wakati tumefunga mwamba usivuliwe ili pweza wazaliane.

Nilipokuwa msichana nilimkuta pweza mmoja shimoni mwambani, mayai yamening'inia juu yake kama shanga nyeupe. Nikainua kijiti nimchome. Mama akanishika mkono. "Huyu hali kitu. Anayapulizia maji mpaka yaanguliwe, kisha anakufa." Nikakishusha kijiti, maji magotini. Mchuuzi alikuwa akitungoja ufukweni, Mama akamwambia, "Leo hakuna." Akaondoka amenuna. Baadaye alirudi kununua.

Jana Siti kampiga picha pweza mwingine kama yule, analalia mayai. Nakutumia. Waonyeshe wateja, wajue wanamsubiri nani.

Bibi yako